Kwa nini mimi natetea kadi za wanawake Ultimate Team

Mkuu, umeuliza kuna uhalisia gani kiungo wa kike Aitana Bonmatí kumpokonya mpira mshambuliaji Haaland kwenye gemu ya soka ya EA, na kwa nini sisi tunaopenda soka la wanaume tulazimishwe kukutana na kadi za wanawake tangu toleo la FC 24 lilipotoka mwaka 2023. Nakujibu kama dada niliyeshika pedi tangu shuleni, na ambaye siku hizi muda wangu mwingi wa gemu unaishia Pro Clubs, ambamo kila mtu anaendesha mchezaji mmoja aliyemtengeneza mwenyewe, kwenye timu ya watu wa mtandaoni.

Ultimate Team, sehemu ya gemu ambamo unakusanya kadi za wachezaji na kuunda kikosi chako, haijawahi kuwa na uhalisia. Humo Zidane, aliyetundika daluga 2006, anampigia pasi Mbappé, na Pelé anamsubiri mbele. Hayo umeyacheza miaka yote bila kulalamika. Anayetaka uhalisia ana Career, sehemu ya kuongoza klabu au mchezaji msimu hadi msimu, na huko wanawake wameingia FC 25, tena ndani ya ligi zao wenyewe.

Hoja yako ya alama, kwamba namba za ubora za wanawake na wanaume hazilinganishiki, ndiyo yenye uzito. FC 24 ilitoka Mbappé akiwa na 91 na mwanadada Alexia Putellas akiwa na 91, ilhali kila mmoja amepimwa kwa wenzake anaocheza nao. Ukiziweka kikosi kimoja, namba hizo zinaonekana kama zimetoka kwenye mizani moja, na sivyo. Nakubali kabisa. Ila kadi ni chombo cha kuchezea gemu, na wachezaji wenyewe walilielewa hilo haraka kuliko wabishi. Wapinzani wengi niliokutana nao msimu ule walikuwa wamemweka Grace Geyoro katikati. Huyo ni Mfaransa mzaliwa wa Kolwezi, Kongo, na kadi yake ilikuwa inakaba na kupanda bila kuchoka. Hakuna aliyeuliza jinsia yake akishafungwa.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa zaidi, yaani mchezaji unayemtengeneza mwenyewe. FIFA 16 (enzi hizo gemu hii iliitwa FIFA) ilipoleta wanawake mara ya kwanza, 2015, zilikuwa timu 12 za taifa, nazo zilicheza zenyewe kwa zenyewe tu. Pro Clubs tulibaki kutengeneza wanaume mpaka FIFA 22. Kwa hiyo kwa miaka mingi winga wangu alikuwa kaka mwenye ndevu. Maiki nilizima, na hakuna aliyekuwa na shida na mimi. Nikipoteza mpira naambiwa "tulia mzee", mchezo unaendelea.

FIFA 22 ilipofungua mlango nikamtengeneza dada: mfupi, mwembamba, nywele kazibana nyuma. Urefu na uzito ndivyo vinavyobadilisha mwili uwanjani. Ukiwa mfupi na mwepesi unachomoka haraka, lakini ukigongwa bega unaanguka. Yule kaka nilikuwa nimempa umbo hilohilo, na kasi ya kutosha kuwachosha mabeki. Nilichobadilisha ni sura tu. Wiki hiyohiyo beki wetu wa kulia akaacha kunipa mpira. Nasimama pembeni peke yangu, nimenyanyua mkono, yeye anarudisha kwa kipa. Mwingine aliyeingia kujaza nafasi akaandika "mtoeni huyo dada tutafungwa" kabla mechi haijaanza, akatoka. Siku niliyowasha maiki ndiyo kabisa, matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Ndiyo maana nikisikia "sura ya mchezaji ni urembo tu, haina maana" nashindwa kukubali. Kama haina maana, kwa nini pasi zilikatika? Na kuna wanaume kwenye klabu yetu wanaotengeneza wachezaji wa kike kwa sababu wanapenda tu, nao wanakumbana na maneno yaleyale hadi wafungue mdomo. Wakishasikika sauti nzito, basi, yameisha. Mimi sauti yangu ndiyo inayaanzisha upya.

Kwa hiyo mkuu, kadi zikikukera usiziweke kikosini kwako, hiyo ni haki yako. Kumpangia mpinzani nani amchezeshe, hapo ndipo sikubaliani nawe. Kelele tulizopiga kuhusu Bonmatí na Haaland ningependa tuzipige kuhusu maiki, kwa sababu mtu anatukana leo na kesho yumo tena uwanjani. Klabuni kwetu tumeweka sheria wenyewe: ukimtusi mwenzako unatolewa, hata kama wewe ndiye mfungaji wetu. Beki wa kulia tuliyenaye sasa ananiona nikinyanyua mkono. Upande wa kushoto ndiko hatuna mtu, ukitaka kujaribu nitumie jina lako la akaunti.