Usiichomeke kwanza: majibu kuhusu treni ndogo za zamani

Asalaam aleikum wahariri. Katika kusafisha chumba cha marehemu babu tumekuta sanduku la treni ya umeme ya kuchezea, limeandikwa Tri-ang Hornby. Mna kichwa kimoja cha treni, mabehewa matatu, reli na transfoma. Wanangu wanataka tuiwashe leo leo. Nianzie wapi?
*Msomaji wa Mji wa Kale*

Waaleikum salaam, ndugu yetu. Watoto wasubiri kidogo, na hiyo transfoma iweke kando kabisa. Jina hilo lilikuwa sokoni katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970, kwa hivyo mpira wa waya wake una miaka zaidi ya 50. Ukiukunja ukapasuka au ukamwaga unga, usiichomeke wala usiifungue. Ni umeme wa volti 240, na hao ni watoto.

Treni yenyewe inahitaji volti 12 tu za umeme wa moja kwa moja, kama wa betri. Adapta ya volti 12, ampea 1, ile ya ruta ya intaneti, inatosha. Ongeza kidhibiti kasi cha mota ya volti 12, na kwa treni ya zamani kama hii kinafanya kazi vizuri. Betri ya gari au ya sola tunaikataa kabisa. Behewa likianguka likaunganisha reli mbili, betri hiyo itamwaga ampea nyingi mpaka waya uyeyuke.

Sasa shika kichwa cha treni, kigeuze juu chini. Treni nyingi za zamani zinazodhaniwa zimekufa ni chafu tu. Futa magurudumu kwa pamba za masikio zilizoloweshwa alkoholi ya aisopropili mpaka pamba itoke nyeupe. Spiriti nyingine za dukani zimetiwa mafuta, na zikikauka huacha utando unaozuia umeme. Kisha chukua betri ndogo ya mraba ya volti 9 na nyaya mbili, gusisha magurudumu ya kushoto na ya kulia. Mota ikizunguka, umefaulu. Ukibadilisha nyaya itazunguka kinyume. Ikinguruma bila kuzunguka, grisi imeganda: isafishe, halafu tone moja la mafuta ya cherehani kwa kila ncha ya ekseli ya mota, kwa ncha ya sindano. Mafuta yakizidi hufika kwenye kaboni, vile vipande vidogo vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye mota, na hapo mota hukataa.

Isipozunguka kabisa, tazama kaboni mbili zinazobanwa na springi juu ya kile kipande cha shaba chenye vipande vitatu. Safisha mifereji mitatu iliyo katikati ya vipande kwa kijiti cha meno, maana vumbi la kaboni hujaa humo na kuunganisha visivyopaswa kuungana. Mkono mmoja wa springi huvalishwa kijimrija cha plastiki. Kikipotea, umeme hukatiza njia na mota haizunguki hata ukifanya nini. Ukiwa na multimita, kile kipima umeme cha mafundi, pima ukinzani wa kila jozi ya vipande: vipimo vitatu vikaribiane. Kimoja kikitofautiana sana, koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya mota, imekatika.

Jambo moja tunalisisitiza: usitoe koili kutoka ndani ya sumaku. Sumaku za mota hizo zikiachwa wazi hupoteza nguvu, kisha treni hupata moto na kuvuta kwa uchovu. Mafundi wengi wa redio hawalijui hili, na huharibu mota nzuri kwa nia njema.

Kwa ubao, nunua nusu ya plaiwudi ya milimita 12, futi 4 kwa 4. Duara dogo la kawaida la reli za Hornby lina nusu kipenyo cha milimita 371, kwa hivyo linakaa vizuri na nafasi inabaki. Paka vanishi pande zote mbili; ukipaka upande mmoja, unyevu wa pwani utaukunja ubao.

Treni yetu huenda, husimama, huenda. Nimepiga reli msasa, lakini baada ya wiki mbili imerudia.
*Msomaji wa Nyali*

Msasa ndio uliokuponza, dada. Mikwaruzo hushika chumvi na uchafu haraka zaidi. Waya wa kusugulia sufuria ni mbaya zaidi, kwa sababu nyuzi zake huvutwa na sumaku ya mota. Gusisha sumaku kwenye reli: ikinata, ni chuma, na hewa ya bahari itaila daima. Nunua reli za aloi ya nikeli, ambazo hazina kutu. Kaza pia viunganishi kwa koleo dogo, na peleka jozi ya pili ya nyaya upande wa mbali wa duara. Ila ujue, vichwa vya Tri-ang vyenye sumaku za kushika reli hutegemea chuma. Kwenye nikeli vitateleza vikivuta mzigo.

Shemeji ameleta treni ya Lionel kutoka Marekani, ina reli tatu. Tuchomeke?
*Msomaji wa Likoni*

La. Transfoma yake ni ya volti 120. Kwa 240 itaungua. Tumia kishusha volti chenye wati zinazozidi zilizoandikwa juu ya transfoma hiyo. Transfoma hiyo itapata joto zaidi kidogo kuliko kwao, kwani kwetu umeme ni hezi 50, kwao 60. Usijaribu kuendesha kwa adapta ya kichwa cha Tri-ang. Treni ya Lionel hutumia umeme wa kubadilika (AC).

Naweza kuunda treni ya zamani ya Mombasa kwa reli hizi?
*Msomaji wa Changamwe*

Ile mpya, Madaraka Express ya 2017, ndiyo. Reli yake ni milimita 1,435, na kwa kipimo cha 1 kwa 87, yaani kila kitu kikipunguzwa mara 87, inakuwa 16.5, sawasawa na reli za Hornby. Ile ya zamani ni ya mita moja, ambayo huwa takriban 11.5. Hapo tafuta reli za milimita 12. Ukitumia za 16.5, kichwa kitaonekana kimesimama miguu wazi.