Kwanza hesabu chaji: maswali yenu kuhusu fomula

Shikamoo mwalimu. Kloridi ya magnesiamu naiandika MgCl na kila mtihani nakosa. Tatizo liko wapi?

Marahaba. Umeunganisha alama bila kuhesabu chaji. Magnesiamu hutoa elektroni mbili, ikabaki na +2. Klorini hupokea elektroni moja tu, ikawa −1. Ukiziweka moja kwa moja, +1 inabaki bila mwenzake, ilhali kampaundi haitakiwi kubaki na chaji. Ongeza klorini ya pili, jumla iwe sifuri: MgCl₂.

Najua wengi mmefundishwa kupishanisha namba, chaji ya huyu ishuke chini ya yule. Inasaidia, lakini kwenye oksidi ya magnesiamu inakupa Mg₂O₂, nawe unatakiwa kurahisisha: MgO. Alumini ni +3, oksijeni −2. Namba inayogawanyika kwa zote mbili ni 6, kwa hiyo alumini mbili, oksijeni tatu: Al₂O₃. Nawasihi, fanyeni hesabu hii hata pale mnapodhani mmeikariri fomula.

Mabano kwenye fomula ya chokaa, Ca(OH)₂, ni ya nini? CaOH₂ si ileile?

Si ileile. Haidroksidi ni oksijeni moja na hidrojeni moja zilizoshikana, na kundi zima lina −1. Kalsiamu ya +2 inahitaji makundi mawili, ndiyo Ca(OH)₂. Ukiondoa mabano, umebakiza oksijeni moja. Kundi likiwa moja, kama katika NaOH, hakuna haja ya mabano.

Kopo la maabara limeandikwa salfeti ya shaba (II). Basi shaba ni mbili?

Hapana, na hapa ndipo wengi huteleza wakaandika Cu₂SO₄. Namba ya Kirumi inataja chaji ya kila ioni (atomu yenye chaji) ya shaba, Cu²⁺, wala haihesabu shaba ziko ngapi. Salfeti, kundi la SO₄, ni −2, kwa hiyo moja kwa moja: CuSO₄.

Fuwele zake za bluu ndizo mrututu, ule ambao wakulima huuchanganya na chokaa kupuliza mimea yenye ukungu. Lebo ikisomeka CuSO₄·5H₂O usishtuke: ndani ya fuwele mna maji. Zipashe moto taratibu mbele ya mwalimu wako, utaona bluu inafifia mpaka unabaki unga mweupe.

Namba za Kirumi huwekwa kwa metali zenye chaji zaidi ya moja. Kloridi ya chuma (II) ni FeCl₂, ya chuma (III) ni FeCl₃. Sodiamu ni +1 siku zote, haihitaji.

Kwa nini sodiamu ni Na, si So?

Ni kifupi cha natrium, jina lake la Kilatini, lenye asili moja na natron, yaani magadi. Ziwa Natron kule Arusha limebeba jina hilohilo, na magadi yake yana kaboneti ya sodiamu kwa wingi. Sodiamu +1, kaboneti, kundi la CO₃, −2. Funika mstari unaofuata kwa kiganja, uandike fomula mwenyewe.

Na₂CO₃.