Zamu ya Ndoo: Niliyojifunza Uani Kwetu Ugonjwa Ulipoingia

Jioni ya tarehe 20 Januari 2025, saa chache baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kutangaza hapa Dodoma kwamba ugonjwa wa Marburg, homa kali ya virusi inayoambukiza kwa kugusana na mgonjwa, umethibitishwa mkoani Kagera, jirani yangu alibisha hodi akaniuliza kama ile ndoo yenye koki bado ninayo. Nilikuwa nayo. Ilikuwa stoo tangu enzi za korona, na swali lake ndilo lililonisukuma kuandika haya, kwa kuwa nilikwisha kuona jinsi ndoo inavyoweza kukaa langoni bila kumsaidia mtu yeyote.

Mwaka 2020 nilikuwa nimepanga Chang'ombe ya hapa Dodoma, katika nyumba ya vyumba sita yenye ua mmoja, bomba moja na choo kimoja. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Jumatatu, tarehe 16 Machi, mkoani Arusha, na kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule. Kabla wiki haijaisha tulikuwa tumechanga, tumenunua ndoo ya lita 20, na kuiweka juu ya kigoda mlangoni pamoja na kipande cha sabuni ya mche. Siku ya kwanza kila aliyeingia alinawa, na watoto walinawa hata mara kumi kwa sababu kwao ulikuwa mchezo mpya. Siku ya nne ndoo ilikuwa kavu, sabuni imetoweka, na kila niliyemuuliza alidhani mwenzake ndiye anayejaza. Anayeijua Dodoma ataelewa kilichotokea: bombani maji yalitoka kwa mgawo, yasipotoka tulinunua madumu kwa wenye mikokoteni, na si rahisi mtu kufurahia kuona maji aliyoyanunua yakinawisha wageni wa chumba cha jirani.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba zamu ipangwe kabla ndoo haijanunuliwa. Sisi tuligawana siku kwa vyumba, na Jumapili akaichukua mwenye nyumba, ambaye alikaa nyumba ya pili. Ratiba tuliiandika kwa mkaa ukutani ili pasiwe na ubishi. Mwenye zamu anajaza ndoo asubuhi, anaangalia sabuni, na jioni anamwaga maji machafu kutoka kwenye beseni la chini, kazi ambayo mwanzoni hakuna aliyeikumbuka mpaka uvundo ulipotukumbusha.

Koki nayo ina kasoro yake. Unaifungua kwa mkono mchafu, unanawa vizuri, kisha unaifunga kwa mkono uleule uliokwisha kusafika. Mama mmoja wa chumba cha mwisho, aliyewahi kuona kibuyu chirizi shuleni kwa mwanawe, ndiye aliyetutengenezea kingine karibu na choo: miti miwili yenye panda, mti wa kulaza juu yake, dumu la lita 5 lililoning'inizwa, tundu moja lililotobolewa kwa msumari wa moto chini kidogo ya shingo, na kamba inayoshuka hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika. Ukiinua mguu, yanakatika. Sabuni tuliitoboa katikati tukaifunga kwa kamba, maana sabuni isiyofungwa ina miguu. Chini tulimwaga kokoto ili pasiwe na tope. Dumu hilo lilitutosha kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia, na kwa mji wenye shida ya maji ningeanza na hicho kabla ya ndoo.

Watoto walikuwa nyumbani hadi shule zilipofunguliwa tarehe 29 Juni, na sitadanganya kwamba tuliwadhibiti. Tulichofaulu ni kuwapa kazi ya kumkumbusha mtu mzima anayepita bila kunawa, nao waliifanya bila huruma.

Jambo lililonifundisha zaidi ni lile tulilolikosea. Mpangaji mwenzetu mmoja alikuwa utingo wa lori, na mwezi wa Aprili, wakati watu wa malori walikuwa wakitazamwa kama wao ndio ugonjwa wenyewe, alirudi safari usiku akiwa na kikohozi. Hakuna aliyemfukuza. Tulinyamaza tu. Asubuhi watu walichota maji mapema kabla hajaamka, viti vya uani vikahamishwa upande wa pili, na mimi, niliyezoea kunywa naye chai, nilimwachia kikombe mlangoni nikaondoka bila kumsalimia. Siku ya tatu alifunga begi akaenda kukaa kwa ndugu yake, nyumba yenye watu wengi kuliko yetu. Kwa woga wetu tulimwondoa mahali ambapo angeweza kukaa peke yake chumbani, tukampeleka palipokuwa na wazee na watoto, na mpaka leo sijui namna nzuri ya kulisema hilo mbele yake.

Nyumba yenye wapangaji wengi ifanye mazungumzo hayo mapema, wakati kila mtu ni mzima. Mkubaliane ni nani atakayempelekea maji na chakula atakayetakiwa kujitenga, atatumia choo saa ngapi na nani atakisafisha baada yake, nani atapiga simu ya bure ya Wizara ya Afya, namba 199, na nani atamsalimia kila asubuhi kutoka mbali kwa sauti ya kawaida. Mambo haya yakizungumzwa mgonjwa akiwa tayari ndani, kila neno linasikika kama hukumu.

Misiba ilitusumbua kwa namna nyingine, kwa kuwa kutokwenda msibani kwetu ni kosa ambalo halisahauliki. Tulikwenda kwa makundi madogo, rambirambi tukaituma kwa simu, na tukawaomba wapishi wapakue kwenye sahani moja moja badala ya sinia. Wazee wawili walikasirika. Kuhusu kujifukiza sina ugomvi na mtu, ila sufuria ya maji yanayochemka isiwekwe chini ya shuka pamoja na mtoto. Uani kwetu mmoja aliungua paja.

Jirani yangu ndoo nilimpa jioni ileile. Koki ilikuwa imekatika kichwa, hivyo nilimshauri anunue mbili, moja ya kufunga na moja ya akiba, na kabla ya kwenda dukani akae na wapangaji wenzake waamue Jumatatu ni ya nani.