Barua kwa Mwanangu: Vibarua wa Saa Kumi na Moja

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama yule mwenye shamba la mizabibu, katika mfano wa Yesu, Mathayo sura ya 20, alitenda haki kuwapa walioanza kazi alfajiri dinari moja, na walioingia saa kumi na moja jioni dinari hiyohiyo, kwa kuwa wewe ndiwe utakayeongoza tafakari jumuiyani. Tazama kwanza walivyojibu wale wa mwisho walipoulizwa mbona wamesimama kutwa bila kazi: hakuna aliyetuajiri. Hawakuwa wavivu, na nimekwisha kukuambia mara nyingi kwamba njaa haihesabu saa.

Dinari ilikuwa ujira wa kawaida wa kibarua kwa siku. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, iliamuru maskini alipwe siku ileile, kabla jua halijatua, ndiyo maana bwana yule alimwita msimamizi wake jioni hiyohiyo.

Bibi yako hakulipwa hivyo kamwe. Lile shamba la kahawa unalijua. Alfajiri mnyapara alipita akitukagua mikono na migongo. Mimi, kijana mwenye nguvu, nikachaguliwa kwenda kwenye palizi, naye, akiwa amembeba baba yako mdogo mgongoni, akaachwa langoni na jembe lake. Nilipotoka jioni nilimkuta palepale, kwa sababu ilisemekana huenda wangehitajika watu zaidi. Hadi leo siipendi njia ile. Na huo ujira wangu ulingoja mwisho wa mwezi.

Hata hivyo, mimi nilikuwa miongoni mwa walioitwa mapema, na ningenung'unika kama wao walivyonung'unika baada ya kustahimili hari ya mchana kutwa. Tena bwana aliagiza wa mwisho walipwe kwanza; angeanza na wa kwanza, wangeondoka wameridhika bila kuona lolote. Hapo namlaumu kidogo, kisha najirudi: muda mfupi kabla ya mfano huo Petro ameuliza watapata nini wao walioacha vyote, kwa hiyo anayesemeshwa ni aliyetangulia. Waorthodoksi nao, kila Pasaka, husoma hotuba ijulikanayo kwa jina la Yohane Krisostomo, askofu wa kale, inayomkaribisha karamuni hata aliyefika saa kumi na moja. Njaa haihesabu saa.

Kama alitenda haki, jibu ninalo, na mkono unaniwasha kuliandika. Lakini katika jumuiya yenu wamo wanaoajiri vibarua na wamo wanaoajiriwa. Waulize wao kwanza, kisha uniandikie walivyosema.

Baba yako