Anamkimbia sungura anayemkumbatia kila usiku

Shikamoo Shangazi. Binti yangu ana miaka 3 na miezi 2. Kuna sungura wa katuni anampenda kupita kiasi. Anamtazama kwenye televisheni, na ana mwanasesere wake wa kitambaa ambaye bila yeye hali wala halali. Juzi tulimpeleka kwenye sherehe ya watoto, kumbe sungura huyo naye alikuwepo, mkubwa, anatembea. Akamjia, akamgusa kichwani. Binti yangu alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia, akanipanda mpaka shingoni. Tangu siku hiyo sungura wa kitambaa analala kabatini. Baada ya wiki saba tunakwenda kwenye bustani ya burudani, safari tuliyoiwekea akiba muda mrefu, na huko katuni wa namna hiyo wamejaa. Baba yake anasema tumsogeze tu, atazoea. Bibi yake anangoja picha ya mjukuu na sungura. Nifanyeje? Na je, nimwambie kwamba mle ndani kuna mtu?
*Mama wa binti mmoja*

Marahaba, mwanangu. Huyo sungura wa kabatini mwache kwanza alale huko huko mpaka mwenyewe amuulizie. Usimtoe kumjaribu mtoto.

Sungura anayemjua binti yako ana ukubwa wa kiganja. Anaongea, anapepesa macho, na akichosha anazimwa. Yule wa kwenye sherehe alikuwa mrefu kuliko baba, bubu, macho yamekodoka, na mdomo unacheka hata mtoto anapolia. Katuni wenye vichwa vya kuvaa kwa kawaida hawasemi neno, wanaongea kwa mikono tu. Kwa hiyo mtoto alikutana na mgeni aliyekuja na sura ya rafiki yake, na mgeni huyo akamshika kichwa bila hodi. Hata mimi ningepiga kelele.

Mwaka 1969 mtafiti wa Marekani, Rheta DeVries, alichapisha kazi aliyoifanya na paka mmoja mpole aitwaye Maynard. Aliwaacha watoto wamshikeshike paka. Kisha, huku mkia unaonekana, alificha upande wa kichwa na kumvisha kinyago cha mbwa mkali. Watoto wa miaka 3 wengi walisema sasa huyu ni mbwa, ingawa mkia hawakuupoteza machoni hata mara moja. Wa miaka 6 wengi walijua ni paka yule yule. Binti yako yuko kwenye umri wa wale wa mwanzo. Kwake, anayeonekana ndiye aliyepo.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako la mwisho. Akikuuliza kama kuna mtu ndani, mwambie kweli: ndiyo, kuna mtu amevaa nguo ya sungura. Najua wapo wanaosema tunamharibia mtoto raha. Mtoto aliyejawa na hofu anahitaji ukweli kwanza, raha itafuata. Lakini usitegemee maneno yatamaliza kazi. Paka wa DeVries anatuonyesha kwamba akili ya umri huo inafuata macho, basi na macho yapewe kazi. Chukua mfuko wa karatasi, mpe achore uso, toboeni macho pamoja. Uvae mbele yake, uvue. Uvae, avue yeye kwa mkono wake. Hiyo ya kuvua yeye irudieni hata mara ishirini. Siku nyingine miwani mikubwa, siku nyingine kofia yenye masikio. Usimtokee ghafla nyuma ya mlango hata kwa utani.

Nikusimulie kilichonifunza mimi. Nilifundisha chekechea miaka mingi, na mwaka mmoja, siku ya kufunga shule, nikavaa vazi la dubu. Ndani ya kile kichwa unaona kupitia wavu mdogo mweusi uliofichwa mdomoni. Mtoto akiwa hatua tano unamwona mzima, akifika hatua mbili anapotea chini ya kidevu. Unasikia pumzi zako kuliko sauti za watu. Kijana mmoja wa darasa langu, aliyekuwa akikaa mapajani mwangu kila asubuhi, aliponiona aliganda, kisha akaangua kilio. Nikafanya kosa nililodhani ni msaada: nikamwita jina lake kwa sauti yangu. Kilio kikazidi mara mbili. Sauti ya mwalimu wake inatoka kwenye tumbo la dubu! Nikanyamaza, nikaketi sakafuni, nikanyoosha miguu, nikampa mgongo. Sikuweza kumwona. Nilikaa pale, jasho linanitiririka, watoto wengine wanacheza pembeni. Baada ya muda nikahisi manyoya ya mguuni yanavutwa, kidogo tu, kama mtu anayejaribu kamba. Alikuwa yeye. Alikuja kwa sababu dubu alikaa chini na umbali ukabaki mikononi mwake.

Umbali huo, mwanangu, mpe binti yako na usimnyang'anye. Mwambie na baba yake, kwa heshima zote: wiki saba ni nyingi, hakuna haja ya kumsogeza kwa nguvu. Mwaka 1924 Mary Cover Jones aliandika habari za mtoto aliyemwita Peter, wa miaka 2 na miezi 10, aliyeogopa sungura wa kweli. Peter aliketishwa ale chakula akipendacho, na sungura ndani ya kizimba akawekwa mbali, kiasi kwamba mtoto anaendelea kula. Siku kwa siku kizimba kikasogezwa. Wakati mwingine waliletwa pia watoto wasioogopa wakacheza na sungura huku Peter akitazama. Mwishowe alimpapasa sungura mwenyewe. Hakuna siku alirushiwa mapajani.

Kwa hiyo nyumbani tafuta video za watoto wakikutana na katuni hao bustanini. Mzitazame ukiwa umempakata, mkiwa mnafanya jambo analolipenda, dakika chache tu. Zima sauti, ili azoee kwamba huyu wa kutembea haongei. Kisha bandikeni utepe kwenye mlango, juu kabisa, karibu mita mbili: "Sungura mkubwa anafika hapa." Mwache asimame chini yake atazame juu, siku yoyote anayotaka. Mshangao wa kimo ni nusu ya hofu, na afadhali aumalize na mlango, ambao haumfuati. Na asitokee mtu nyumbani kwenu akamwambia "ukilia sungura atakuja kukuchukua." Mkishamgeuza sungura kuwa zimwi, video hazitasaidia.

Siku yenyewe msianzie kwenye foleni. Tafuteni mahali pa kukaa mnapowaona katuni kwa mbali, na yeye awe ameshiba na amelala vya kutosha. Watazameni watoto wengine. Pungeni mikono. Akisema "twende karibu", nendeni. Asiposema, mmeshamwona, na hiyo ni hatua. Kabla ya safari kubalianeni ishara moja, kwa mfano kiganja juu, yenye maana ya "basi". Akiinua kiganja mnaondoka papo hapo, hata kama mmebakiza familia moja mfike mbele. Ukivunja ahadi hiyo mara moja, hatakuamini tena siku hiyo.

Katuni hawa huwa na msindikizaji aliyevaa nguo za kawaida, kwa sababu ndiye macho yao na mdomo wao. Mwendee mapema umwambie: "Binti yangu anaogopa. Naomba asimguse, na kama inawezekana apige goti, angoje." Wengi wataitikia, hiyo ni kazi yao ya kila siku. Tangulia wewe, mpe katuni mkono, huku mtoto yuko mikononi mwa baba hatua kadhaa nyuma, amegeuzwa ubavu ili aweze kuficha uso akitaka. Mkiwa na daftari la sahihi, mpelekee wewe atie sahihi, umletee mtoto. Daftari humpa mtoto kitu cha kutazama kisicho yale macho makubwa. Na kama wapo wahusika wasiofunikwa uso, kina binti mfalme na wenzake, anzeni nao, maana hao huongea na nyuso zao hucheka kweli.

Zaidi ya yote, chunga uso wako. Mwaka 1985 James Sorce na wenzake waliwaweka watoto wa miezi 12 juu ya meza ya kioo yenye kitu kama shimo chini yake, mama upande wa pili. Mama alipotabasamu, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Mama alipoonyesha hofu, kati ya 17 hakuvuka hata mmoja. Ukiwa na wasiwasi wa picha, binti yako atausoma usoni mwako na kudhani ni wasiwasi wa sungura. Badala ya "usiogope", sema unachokiona: "Mkubwa, eeh? Sisi tuko hapa, yeye yuko kule."

Bibi mpigieni simu kabla ya safari, mumwambie picha inaweza kuwa ya mjukuu mbele na sungura mdogo kwa nyuma, anapunga. Hiyo ataiweka ukutani. Ya mtoto analia mikononi mwa sungura, tafadhali msimpigie.

---

Shangazi, mwanangu wa miaka 5 hana woga hata chembe. Akimwona katuni mkubwa anamrukia kwa nyuma, anavuta mkia, anapiga ngumi tumboni. Watu wanacheka, mimi naona aibu.
*Baba wa kijana*

Aibu hiyo isikilize, baba. Mle ndani kuna mtu aliyebeba kichwa kizito, analowa jasho, haoni ubavuni wala chini. Akisukumwa anaweza kumwangukia mtoto mwingine. Na mdomo wa vazi unaendelea kucheka hata aliyemo akiumia, ndiyo maana kijana wako hajui kwamba anaumiza.

Nyumbani mfunge macho kwa kitambaa chepesi, asimame katikati ya chumba, kisha umguse bega bila kumwambia. Ataruka. Mfungue, umwambie ndivyo katuni anavyojisikia. Halafu mbadilishane, wewe uwe katuni, na yeye ajifunze kuja kwa mbele, kusimama mahali anapoonekana, kupunga mkono, na kungoja mikono ifunguliwe. Akisahau mkiwa bustanini, mshike mkono, mtoke, mrudi mwisho wa foleni mkajipange upya.