Sapu yangu ya entropia

Juzi kijana wa mwaka wa pili kaniandikia: "Shikamoo kaka, Jumatatu tuna mtihani wa themodinamiki, fizikia ya joto. Entropia ni nini hasa? Nimekariri tu." Nikacheka, ila kwa uchungu.

Mdogo wangu, mimi nilikariri kabla yako. Niliandika kwa kujiamini, "Entropia ni kipimo cha vurugu," nikalamba sifuri. Mhadhiri akalisoma jibu langu mbele ya darasa. Hakutaja jina, lakini jicho alilitupa kwangu, na darasa zima likageuka. Miaka imepita, bado linaniuma.

Likizo ile wenzangu wakaenda field, mafunzo kwa vitendo, mimi nikabaki na sapu, mtihani wa kurudia. Jioni moja nikamwaga mezani sarafu kumi za shilingi mia. Zote kumi zikae upande wa Mwalimu: njia ni moja tu. Tano Mwalimu, tano swala: njia 252, kati ya 1,024 zote. Hapo ndipo nilipopigwa na butwaa. Sarafu hazipendi vurugu wala nini! Zinaangukia penye njia nyingi, basi.

Ndiyo ile S = k log W iliyochongwa kwenye kaburi la mwanafizikia Boltzmann kule Vienna. S ni entropia, k ni namba isiyobadilika. W ni idadi ya namna chembe zinavyoweza kujipanga ndani, huku sisi wa nje tukiona hali ile ile. Na logi imewekwa kwa sababu: ukiunganisha mifumo miwili, njia huzidishwa, entropia hujumlishwa.

Mwanafizikia Clausius, aliyelitunga neno entropia mwaka 1865, hakuhesabu chembe. Yeye aligawa joto kwa halijoto. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka kwenye nyuzi sifuri hunywa jouli kama 334,000. Gawa kwa kelvini 273, ndiyo nyuzi sifuri hiyo, unapata entropia iliyoongezeka: kama jouli 1,220 kwa kelvini. Molekuli zilizobanwa kwenye fuwele sasa zina namna nyingi zaidi za kukaa.

Kwa hiyo hesabu njia. Nyinyi vijana mnameza maswali ya miaka iliyopita, mnadhani mmesoma. Hesabu! Usiniletee "vurugu". Sapu niliifaulu kwa C, kwetu haikutoa zaidi ya hapo, na C ile naionea fahari kuliko A zangu zote.

Kama huna sarafu kumi, okota vizibo vya soda.