Mchoro wa penseli au chapa?

SWALI: Mhariri, marehemu shangazi aliniachia picha ya penseli ya uso wa bwana wa Kizungu, pembeni imeandikwa 1838. Fundi wa fremu anasema ni chapa tu, niitupe nibaki na kioo. Nitahakikishaje? – Msomaji, Buruburu.

JIBU: Usitupe kitu. Mwombe fundi aitoe kwenye kioo bila kubandua palipogundishwa. Usiku, zima taa, kisha laza tochi ya simu kando ya karatasi ili mwanga uipitie juu juu. Grafaiti ya penseli hung'aa kijivu ukiinamisha picha. Wino wa chapa haung'ai hivyo. Kwenye kope, pua na kola, penseli iliyokandamizwa huacha vijifereji. Ukiviona, fundi wako amekosea.

Jihadhari na litografia, chapa ya jiwe iliyobuniwa na Mjerumani Senefelder miaka ya 1790. Ilichorwa kwa kalamu ya mafuta, kwa hiyo chembechembe zake hufanana sana na penseli. Hapo chukua lenzi ya sonara ya kukuza mara 10. Penseli hushika vinundu vya karatasi yenyewe na kuruka mabonde yake. Ukiona nukta zilizopangwa safu safu, hiyo ni nakala ya kiwandani, na haiwezi kuwa ya 1838.

Tafuta pia mchoraji alipobadili mawazo: mstari hafifu wa bega chini ya ule mzito, au nyuzi za karatasi zilizosimama palipofutwa. Usishangae koti likiwa mistari michache tu ilhali uso umekolezwa. Ingres, bingwa wa Ufaransa wa picha hizi, alifanya hivyo makusudi.

Mwaka ulioandikwa hauthibitishi lolote. Yeyote angeweza kuuongeza. Inua karatasi dirishani utafute alama iliyofichika ndani, kama ya noti. Viwanda vya Uingereza, mfano Whatman, mara nyingi viliweka jina na mwaka humo. Karatasi ikiwa ya 1841, basi 1838 ni uongo. Ikiwa ya 1835, inawezekana. Kisha iweke chini ya ile taa ya dukani ya kukagulia noti bandia: ikiwaka buluu-nyeupe, yaelekea ni karatasi ya baada ya 1950 hivi.

Madoa ya kahawia yaache. Ufutio utaondoa mchoro pamoja na uchafu, selotepu huacha gundi ya manjano, na laminesheni (watu hupenda sana!) haibanduki tena. Ukiirudisha kwenye fremu, dai kadibodi isiyo na asidi, na kioo kisiguse karatasi.